Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Mimi kitabu simpi mtu kwa sababu atakipenda. Nampa kwa sababu kinamfaa. Daktari hamuulizi mgonjwa anataka dawa ya rangi gani, na mimi niliyejalidi vitabu vya watu kwa miaka thelathini sikuona kwa nini niulize. Niliwaambia hivyo wenzangu wawili mwaka wa kwanza wa mchezo wetu, wakacheka mpaka machozi, na Nesi akasema, "Haya, Dokta Gundi." Jina la Gundi nilikuwa nalo tayari, kwa ajili ya kazi yangu. La udaktari halikushika, namshukuru Mungu.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila mwaka miezi ya joto ikianza na shule zikifungwa, tunakutana karakanani kwangu, sisi watatu: mimi, Nesi wa wodi ya wazazi, na Meno, ambaye ni fundi wa meno bandia. Kila mmoja anampendekezea mwenzake kitabu cha kusoma likizo nzima. Mwaka huu mimi nampa Meno, Meno anampa Nesi, Nesi ananipa mimi. Mwaka ujao tunageuza. Unakisifia kitabu kwa sentensi tatu, si zaidi. Anayepewa hana ruhusa ya kukataa. Baada ya wiki tano tunarudi kukaa, tunakijadili kitabu hadi chai ipoe. Na mwiko wetu mkubwa ni mmoja: hakuna kusimulia mwisho. Nesi aliwahi kuropoka muuaji ni nani huku anamimina chai, akahukumiwa kuosha vikombe mwaka mzima. Mwaka ulipita zamani, lakini anaviosha mpaka leo, anasema mikono imezoea.

Meno ni mwanamume mrefu, mpole, mwenye vidole vyembamba kama vya mshona mapazia. Nusu ya mji huu inatafunia kazi ya mikono yake. Yeye mwenyewe ana pengo mbele ambalo penseli inapita bila kugusa ukuta, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Ukimuuliza kwa nini hajitengenezei, anajibu, "Foleni ni ndefu. Zamu yangu haijafika."

Sasa, Meno ana dada. Miaka kumi na moja iliyopita mama yao aliugua, na dada huyo, aliye mkubwa wake, ndiye aliyemuuguza peke yake kwa miaka miwili, kumlisha, kumgeuza, kumfulia. Meno alikuwa huku anachonga meno. Kila alipoitwa alisema wiki ijayo. Wiki ya mwisho kabisa alikuwa na kazi ya mzee mmoja mwenye pesa zake aliyetaka kutabasamu vizuri kwenye harusi ya binti yake, akaona aimalize kwanza hiyo. Alifika nyumbani siku mbili baada ya mazishi, mkoba wa kazi begani. Dada yake akamtazama, akautazama na mkoba, akasema, "Umekuja kumpima nani meno?" Kisha akafunga mlango. Tangu siku hiyo Meno anaandika barua kila mwaka, na hajapata jibu hata la nusu mstari.

Na kila miezi ya joto anaanza upya: niende, nisiende? Ananunua kitambaa cha zawadi, anakiweka kabatini juu ya vingine. Usiku analala saa tatu tu. Anakonda, na si mtu mwenye nyama za kupoteza. Nilichoka. Nasema wazi, nilichoka kwa sababu nampenda, na kumwona mtu unayempenda akijitesa kila mwaka kwa tarehe ile ile kunachosha kuliko kazi.

Basi mwaka huu nikamchagulia dawa yake. Kilikuwa kitabu kikuukuu kilichofika kwangu bila jalada, hata jina la mwandishi lilishachanika. Ni habari ya mpaka rangi mmoja aliyekosana na kaka yake ujanani. Uzeeni anafunga safari, anafika, anabisha hodi. Kaka yake anafungua, anamtazama vizuri kabisa, anasema, "Umekosea nyumba," anafunga. Mpaka rangi anakaa kwenye ngazi, anakula mkate wake, anarudi kwao. Anaupaka rangi mlango wake mwenyewe, na usiku huo analala usingizi mzito, wa kwanza baada ya miaka mingi. Ndicho nilichotaka Meno asome. Kwamba kuna mlango usiofunguka, na mtu hafi. Autue mzigo, apumzike.

Nilipomkabidhi nilitumia sentensi zangu tatu. "Hiki ni kitabu cha ndugu wawili. Ukikimaliza utalala. Usikisomee bafuni, kimetoka kukauka."

Akakipokea kwa mikono miwili, akanusa gundi. "Kipya hiki," akasema.

"Kizee," nikamwambia. "Nguo tu ndiyo mpya."

Wiki tatu zikapita. Siku moja asubuhi nilihitaji kile chuma changu cha kilo kumi ninachogandamizia karatasi, nikakinyanyua kutoka pembeni ya meza, nikanyanyua na ubao uliokuwa chini yake. Chini ya ubao kulikuwa na fungu moja la kurasa, limenyooka vizuri, linanitazama.

Niwaeleze wasiojua kazi yetu. Kitabu kama kile si rundo la karatasi moja moja. Ni mafungu, kila fungu kurasa kumi na sita zilizokunjwa pamoja, na fundi huyashona moja juu ya jingine kabla ya kupaka gundi mgongoni. Kitabu cha Meno kilikuwa na mafungu kumi na manne. La mwisho lilikuwa limelowa na kujikunja, nikalitenga linyooke. Halafu siku ya kukutana nikayashona yaliyobaki mbio mbio, mteja mmoja amenisimamia kichwani anatazama saa yake. Kabla ya kushona, fundi huhesabu mafungu. Mimi nimewafukuza wanafunzi wangu wawili kwa kutohesabu. Na mimi sikuhesabu.

Kwanza nilijionea aibu ya kazi tu. Nikasema, atakuja kulalamika kwamba kitabu hakina mkia, nitamwomba radhi, nitakifumua, nitakishona upya. Kisha nikaufungua ukurasa wa kwanza wa lile fungu na nikaona unaanza na sura mpya. Nikakumbuka sura iliyotangulia inavyokwisha. Mpaka rangi anabisha, anasubiri, na ndani zinasikika ndara zikija taratibu kuelekea mlangoni. Nukta. Mtu yeyote angedhani kitabu kimekwisha pale. Waandishi wengine wanapenda kumwachia msomaji kazi, na sisi wasomaji tunawaita hodari.

Nilikuwa bado nimeshika zile kurasa Meno alipoingia. Alikuwa anacheka, na mkono haukuwa mdomoni. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuliona lile pengo zima, kwa raha zake, mchana kweupe.

"Gundi! Mwisho ule!" akasema. "Mwisho ule, mwenzangu, umenimaliza!"

Nikazisukuma kurasa chini ya aproni. "Umeuonaje?"

"Angeweza kusema mlango unafunguliwa. Angeweza kusema haufunguliwi. Hasemi! Nimekaa kitandani nimekasirika, nasema huyu mwandishi mchoyo. Halafu ikaniingia. Si kazi ya yule mzee kujua. Kazi yake ilikuwa kubisha. Miaka kumi na moja najiuliza dada atasema nini, atasema nini. Maneno yake ni yake. Yangu mimi ni kubisha tu." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajipangusa jasho. "Nimekata tiketi. Jumamosi asubuhi. Nimelala siku tatu mfululizo kama mtoto. Ulisema nitalala, na kweli nimelala."

Mimi mwenye ulimi wangu huu, ninayemwambia mteja usoni kwamba kitabu chake hakistahili uzi wangu, nilisema tu, "Safari njema." Akanishika mkono wenye gundi akautikisa, akaondoka anapiga mluzi.

Jioni ile nilimfuata Nesi hospitali wakati wa kubadilishana zamu. Nilimkuta kwenye korido ya kufulia, ameketi juu ya kapu la mashuka, viatu kavua. Nikamweleza yote, na mwisho nikausimulia, mwiko au si mwiko.

"Vikombe sasa utaosha wewe," akasema.

"Nesi, sina utani."

"Nami sina. Hebu niambie, dada. Kwa nini ulimpa mtu yule kitabu cha mtu anayefungiwa mlango?"

"Apumzike."

"Apumzike yeye, au upumzike wewe kumsikiliza?"

Nilikasirika. Nilikasirika sana, nikanyanyuka kabisa kutaka kuondoka. Nikakaa tena, kwa sababu nilijua ni kweli. Si yote, lakini kipande chake kilikuwa kweli.

"Nikimpa hizi kurasa hatakwenda," nikasema. "Nisipompa atakwenda na roho nyeupe, na dada yake yule anaweza kumrudisha kama mbwa. Nani ataviokota vipande vyake? Sisi."

Nesi akavaa kiatu kimoja. "Mimi wodini simwambii mama kwamba mtoto ni mzima kabla sijamshika huyo mtoto. Hata akinililia. Ukianza kumchagulia mtu mzima cha kujua na cha kutojua, humalizi." Akavaa cha pili. "Mpe kitabu chake chote. Akienda, aende anajua."

Jumamosi nilikuwa stendi kabla ya jua kupanda. Meno alikuwa amekwisha kufika, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, kifurushi kikubwa cha vitambaa vya zawadi miguuni, na begani mkoba wa kazi, ule ule. Hajawahi kusafiri bila mkoba ule, na nadhani hakujua kwamba ameubeba. Akafurahi kuniona. Alidhani nimekuja kumuaga.

"Kitabu hakikuisha," nikasema, kabla ya hata salamu. "Nilisahau fungu la mwisho chini ya chuma. Kosa langu, sina la kusingizia. Hizi hapa."

Akazitazama. "Anafunguliwa?"

"Soma."

Meno husoma taratibu, midomo ikicheza. Alisoma zote kumi na sita akiwa amesimama, kondakta anapiga kelele, watu wanapandisha magodoro juu ya basi. Mimi nilimtazama usoni tu. Niliona alipofika kwenye mlango, maana midomo iliacha kucheza. Kisha ikaanza tena. Alipomaliza akazikunja kwenye mkunjo wake ule ule, kwa adabu, kama mtu anayejua zimekunjwa na nani.

"Kwa hiyo," akasema, "ulinipa kitabu hiki ili nisiende."

Sikuwa na pa kujificha. "Ndiyo. Nilitaka uache kuteseka. Niliona hatakufungulia, nikataka ulijue hilo ukiwa kitandani kwako, si kwenye ngazi za mtu."

"Uliona hatanifungulia." Akatikisa kichwa pole pole. "Hujawahi kumwona dada yangu, Gundi. Hata jina lake hujawahi kuniuliza."

Kweli, sikuwahi. Miaka tisa namsikiliza, namhukumia, sijauliza hata jina. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Yeye akazitia kurasa mfukoni, akainua kifurushi.

"Basi usiende," nikasema. "Au nenda. Sijui. Nisamehe."

"Nauli wameshachukua, na hawarudishi," akasema, akapanda. Hakunipungia mkono. Basi likaondoka, nikabaki nimesimama kwenye moshi kama mtu aliyeachwa yeye.

Wiki mbili hakupiga simu. Karakana yake ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Nilikuwa napita pale kila siku, najitia nakwenda kununua uzi, na nyumbani kwangu uzi ulijaa mpaka Nesi akauliza kama nafungua duka. Sikulala vizuri. Nilimwona Meno kila mara kwenye ngazi za nyumba nisiyoijua, anakula mkate.

Siku yetu ya kukutana ikafika. Nesi akachemsha chai, tukaweka vikombe vitatu, hatukutazamana. Nilikuwa nimeamua kwamba asipokuja, mchezo nauvunja, vitabu vyangu vya kupendekeza navifungia sandukuni. Chai ilikuwa imeanza kupoa tuliposikia hodi. Meno hajawahi kubisha hodi kwangu hata siku moja. Nilivyokwenda kufungua, nusura nijikwae kwenye stuli.

Akaingia, akaweka mkoba mezani, akanywa kikombe kizima. Kisha akaanza, na tulijua tusimkatize.

"Alifungua," akasema. "Kanitazama. Nasubiri aseme nimekosea nyumba. Akaziba mdomo kwa mkono, hivi, kama mimi, akasema, 'Ni wewe.' Nikajua sauti si yake. Nikasema, dada, toa mkono. Hataki. Nikasema, toa mkono nione. Akatoa. Juu hana jino hata moja. Nikamuuliza, kwa nini hukuenda kwa fundi? Akanijibu, 'Fundi ninayemjua ni mmoja.'"

Nesi akaweka kikombe chini.

"Mwaka wa pili anakula uji," Meno akasema. "Mimi nusu ya mji inatafuna, dada yangu anakula uji. Hakuniambia ingia. Aliacha mlango wazi, akarudi jikoni. Nikamfuata. Nikafungua mkoba, nikaomba maji, nikakoroga unga wangu wa kuchukulia kipimo. Akakaa kwenye kiti, akafungua kinywa. Nikamwekea. Mnajua ule unga, mpaka ugande ni dakika tatu, na mtu hawezi kusema wala kusimama. Nimemshikilia taya, uso wake uko hapa. Nikaona, leo au basi tena. Nikamwambia yote. Yule mzee wa harusi. Wiki ijayo, wiki ijayo. Kwamba niliogopa kumwona mama vile alivyokuwa, meno yalikuwa kisingizio. Kwamba yeye aliogopa pia na hakukimbia. Nimesema huku nalia, machozi yananidondokea kwenye mikono, na yeye ananitazama tu, macho hayapepesi."

"Halafu?" nikasema. Nilikuwa nimeishika meza.

"Unga ukaganda. Nikatoa. Akasukutua, akatema, akajifuta taratibu, akatundika taulo. Akasema, 'Nimekusikia. Sijasema nimekusamehe. Meno yatakuwa tayari lini?'"

Nesi alicheka kwanza, kisha akawa analia, kisha vyote viwili. Mimi nililia moja kwa moja. Meno akafungua mkoba, akatuonyesha kile kipimo, kimefungwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya kopo. Alama ya kinywa cha mwanamke mmoja, fizi na mikunjo yake yote. Sikuthubutu kukigusa. Akasema alikaa kule wiki mbili, akamrekebishia paa, wakala uji wote wawili.

Kisha akatoa kitabu, na zile kurasa kumi na sita. Zilikuwa zimechakaa kidogo kwenye mkunjo.

"Zirudishe mahali pake," akasema. "Mwandishi hakukosea. Ni ndugu wengine tu wale."

"Umenisamehe?" nikamuuliza. Ilibidi niulize wazi, siwezi kazi ya kubahatisha.

"Nimekusikia," akasema kwa sauti ya dada yake, na mkono haukwenda mdomoni. Nesi akampiga kwa kitambaa cha vikombe.

Tulipokuwa tunamalizia chai akakumbuka jambo. "Dada alinikuta nasoma zile kurasa, akauliza ni za nini. Nikamweleza mchezo wetu. Jioni zake ni ndefu, anasema, na redio imekufa. Akauliza, 'Huyo rafiki yako anayewachagulia watu vitabu, mimi angenipa kipi?'"

Vitabu vitano vilinijia hapo hapo, vyote vya watu wanaosameheana, kimoja kikiwa juu ya rafu nyuma yangu, kimeshonwa vizuri, mafungu nimeyahesabu mara mbili. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Nikaurudisha.

"Jina lake nani?" nikasema. "Na anapenda nini?"

Meno akanitajia jina. Kisha akafungua kinywa kujibu la pili, akakifunga. Akatazama lile kopo.

"Sijui," akasema. "Nitamuuliza nikimpelekea meno."